Nani Anakula Joto: Mpangaji au Nyumba Yenyewe?

Msimu wa baridi unapoingia katika nchi ambazo nyumba haikaliki bila kupashwa joto, malalamiko ya aina mbili huanza kusikika kwa wakati mmoja. Mpangaji husema kwamba anatetemeka ndani ya nyumba anayoilipia kodi, kwamba mabamba ya ukutani hayapati moto, na kwamba bili imepanda ingawa yeye hashindi nyumbani. Mwenye nyumba naye husema kwamba mpangaji huwasha joto usiku kucha huku madirisha yakiwa wazi, kwamba kuvu iliyoota chumbani imeletwa na uzembe wake, na kwamba hakuna mkataba uliomwahidi mtu kukaa na fulana nyepesi katikati ya baridi kali. Kila mmoja huzungumza kwa uhakika, na mara nyingi kila mmoja ana kipande cha ukweli. Wanachokosa ni kutenganisha maswali matatu ambayo huulizwa kwa pamoja kana kwamba ni moja: nani anaendesha joto, nani analilipia, na jengo lenyewe linalifanyia nini joto hilo baada ya kulipokea. Swali la tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo linalopaswa kuulizwa kwanza.

Tuanze na maneno, kwa sababu sehemu kubwa ya ugomvi huu hutokana na maneno. Joto na nyuzijoto si kitu kimoja. Nyuzijoto ni kipimo cha hali ilivyo chumbani kwa saa fulani. Joto ni nishati inayomiminwa ndani ili hali hiyo ipatikane na isishuke, nayo hupimwa kwa kilowati-saa na ndiyo inayolipiwa. Chukua ndoo yenye matundu madogo madogo. Kina cha maji ndani ya ndoo ni nyuzijoto. Maji unayoyamimina kutoka bombani ni joto. Matundu ni kuta, madirisha, dari na nyufa za mlango. Ukitaka kina kibaki palepale, huna budi kumimina maji kwa kasi ileile ambayo matundu yanayatoa. Ndiyo maana wapangaji wawili wanaweza kukaa katika vyumba vyenye nyuzi 20 sawasawa, mmoja akalipa mara tatu ya mwenzake, na asiwepo mbadhirifu kati yao. Tofauti iko kwenye ndoo.

Vifaa navyo vina majina yake. Boila ni mtambo unaopasha maji moto, mara nyingi kwa gesi au mafuta. Maji hayo, au mvuke wake, hupita kwenye mabomba hadi kwenye rejeta, yaani yale mabamba ya chuma yaliyofungwa ukutani, kwa kawaida chini ya dirisha. Themostati ni swichi inayosoma nyuzijoto za mahali ilipo na kuuamuru mtambo uwake au uzime. Vali ya rejeta, ile yenye namba 1 hadi 5, hufanya kazi kama hiyo kwa rejeta moja tu; namba 3 kwa kawaida hulenga nyuzi zinazokaribia 20. Kuna pia hita za umeme zinazochomekwa kwenye soketi, na kuna pampu ya joto, ambayo hulinyonya joto kutoka hewani au ardhini na kulisukuma ndani, kwa namna ileile friji inavyolitoa joto tumboni mwake na kulimwaga mgongoni.

Hapo kwenye themostati ndipo inapozaliwa imani potofu ya kwanza, kwamba ukiizungusha hadi 30 chumba kitapata joto haraka kuliko ukiiweka 20. Themostati haifunguliwi kidogo au sana kama koki ya maji. Yenyewe ni mlinzi anayesema tu "washa" au "zima". Katika mitambo mingi, safari ya kutoka nyuzi 12 hadi 20 huchukua muda uleule, uwe umeweka 20 au 30. Kinachobadilika ni kwamba ukiweka 30 mtambo hauzimi ukifika 20, bali unaendelea kupasha mpaka mtu afungue dirisha kwa kuona joto limezidi. Mwenye nyumba anayeona namba 30 kwenye themostati hukasirika na ana sababu, lakini mara nyingi anayoiona si tamaa ya mpangaji. Ni mtu aliyefika nyumbani akiwa ameganda na hajui jinsi kifaa kinavyofanya kazi.

Imani ya pili husema kwamba ni nafuu kuliacha joto likiwaka mchana na usiku kuliko kulizima unapotoka na kuliwasha unaporudi, kwa sababu "kuanza upya kunakula sana". Rudi kwenye ndoo. Kadiri maji yanavyokuwa na kina kirefu, ndivyo yanavyovuja kwa kasi. Ukiyaacha yashuke ukiwa haupo, yanavuja kidogo zaidi katika saa hizo, na maji ya kujazia ukirudi hayawezi kuzidi yale uliyookoa. Kwa nyumba yenye boila na rejeta za kawaida, kupunguza joto unapotoka kwa saa kadhaa huokoa. Zipo hali mbili ambazo hesabu hii hulegea: nyumba yenye pampu ya joto, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikienda polepole bila kusimamishwa, na nyumba yenye mabomba yaliyozikwa kwenye sakafu nzito ya zege, ambayo huchukua saa nyingi kupata moto. Mpangaji wa nyumba ya namna hiyo anayeliacha joto likiwaka hapotezi kitu. Anautumia mtambo kama ulivyokusudiwa.

Hesabu ya nyuzi moja pia inafaa kufanywa kwa utulivu, maana ndiyo chanzo cha mabishano mengi. Uvujaji wa joto huenda sambamba na tofauti kati ya ndani na nje. Nje kukiwa na nyuzi 0 na ndani 20, tofauti ni 20. Ukishusha ndani hadi 19, umepunguza uvujaji kwa sehemu moja ya 20, yaani asilimia 5. Nje kukiwa na nyuzi 10, nyuzi moja hiyohiyo ni sehemu moja ya 10. Kwa hiyo mwenye nyumba anayelalamika kwamba mpangaji anapenda 22 badala ya 20 analalamikia nyongeza ya takriban asilimia 10 siku ya baridi kali. Ni fedha halali na haifai kudharauliwa. Lakini dirisha bovu la kioo kimoja, au dari isiyo na kihami joto, yaani tabaka la kuzuia joto lisitoke, huweza kuzidisha uvujaji kwa kiwango ambacho nidhamu ya mpangaji haiwezi kukifikia hata akivaa makoti mawili.

Kuna jambo jingine ambalo huwagombanisha watu wakweli. Mwenye nyumba huja na kipimajoto, kinasoma 20, naye huondoka akiamini kwamba mpangaji anatafuta visingizio. Mpangaji naye anatetemeka kwelikweli. Wote wawili wako sahihi. Mwili wa binadamu hauhisi hewa peke yake. Hutoa joto kuelekea kila kitu kilicho baridi kando yake, na ukuta wa nje usio na kihami huwa baridi sana. Kwa makadirio ya kawaida, kinachohisiwa kiko katikati ya nyuzijoto za hewa na zile za kuta zinazomzunguka mtu. Hewa ikiwa 20 na kuta zikiwa 14, mwili huhisi kama 17. Ndiyo sababu mtu anayekaa kwenye kiti kilichosogezwa karibu na dirisha kubwa huomba joto zaidi, na akisogezwa mita mbili kuelekea ukuta wa ndani hutulia bila ya yeyote kugusa themostati.

Nani anaishika swichi

Katika nyumba yenye boila yake, mpangaji ndiye mwenye themostati na ugomvi huwa mdogo. Matatizo hukua pale jengo zima linapotegemea boila moja iliyo chini ya mkono wa mwenye nyumba. Hapo sheria za miji na nchi mbalimbali zimeamua kutotegemea hisani ya mtu. Katika jiji la New York, msimu wa joto la lazima huanza tarehe 1 Oktoba na kumalizika tarehe 31 Mei. Kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku, nje kukishuka chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti, ambazo ni karibu 13 za Selsiasi, ndani lazima kuwe na angalau 68, yaani 20 za Selsiasi. Usiku lazima kuwe na angalau 62, ambazo ni karibu 17, bila kujali nje kukoje. New Zealand ilichagua njia tofauti: viwango vyake vya nyumba zenye afya humtaka mwenye nyumba aweke kifaa cha kudumu kinachoweza kukifikisha chumba kikuu cha kukaa nyuzi 18, na kufikia tarehe 1 Julai 2025 nyumba zote za kupanga zilipaswa kuwa zimetimiza masharti hayo. Namba 18 haikuokotwa njiani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, liliitaja kuwa kiwango cha chini cha usalama kwa watu kwa jumla wakati wa baridi, likaongeza kwamba wazee, watoto na wagonjwa huenda wakahitaji nyuzi zaidi ya hizo.

Zingatia tofauti iliyopo kati ya sheria hizo mbili, kwa sababu watu huzichanganya. Ya kwanza humtaka mwenye nyumba alilete joto lenyewe. Ya pili humtaka alete uwezo wa kulipata, kisha mpangaji ndiye anayeamua kuwasha na kulipia. Mpangaji anayeishi chini ya sheria ya aina ya pili na kudai kwamba mwenye nyumba "hampi joto", ilhali kifaa ni kizima na kinafanya kazi, hatafika mbali na madai yake. Uingereza iko karibu na aina hiyo ya pili: kifungu cha 11 cha sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985 humlazimu mwenye nyumba kutunza na kutengeneza mitambo ya kupasha joto nyumba na maji, hata kama mkataba umejaribu kumtwisha mpangaji kazi hiyo.

Shutuma inayotolewa mara nyingi dhidi ya wapangaji wa majengo yenye boila moja ni ile ya madirisha. "Wanapasha joto barabara," husema mwenye nyumba akiangalia juu na kuona mapazia yakipeperuka katikati ya Januari. Katika majengo ya zamani yanayotumia mvuke, hasa yale yenye bomba moja kwa kila rejeta, ingefaa aangalie ndani pia. Mvuke hupanda kutoka boila iliyo chini kabisa. Rejeta zisipolingana, vitoa hewa vyake vikiziba, au kipimo kikiwekwa kwenye nyumba iliyo baridi kuliko zote, boila huendelea kuwaka hadi nyumba hiyo moja itosheke. Wakati huo nyumba nyingine zimeshapita nyuzi 26 na hazina vali ya kupunguza chochote. Mtu wa ghorofa ya juu anayelala dirisha likiwa wazi hana namna nyingine ya kupumua. Na yule wa chini, aliye karibu na mlango wa nje, anapiga simu kulalamikia baridi usiku huohuo. Mfumo huo hauponi kwa barua ya onyo. Huponywa na fundi anayesawazisha rejeta na kubadilisha vitoa hewa, kazi ndogo ukilinganisha na mafuta yanayoteketea.

Haki ya upande wa pili nayo isimame. Mpangaji anayezima joto kabisa na kusafiri wiki mbili wakati wa baridi kali anahatarisha mali ya mwenzake. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, bomba hupasuka, na barafu ikiyeyuka maji humwagika hadi kwenye dari ya jirani wa chini. Kifungu cha mkataba kinachomtaka mpangaji aache joto la chini asipokuwepo ni cha haki, na vali nyingi zina alama ya kijinyota cha theluji kwa ajili hiyohiyo: huzuia kuganda kwa kuweka nyuzi chache tu, karibu 6.

Nani analipa, na kwa kipimo gani

Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Fikiria mtu anayenunua gari, na mwingine anayelijaza mafuta kila siku. Wa kwanza hana sababu ya kuchagua injini isiyokula mafuta, kwa kuwa hayanunui yeye. Wa pili angependa injini nzuri lakini gari si lake. Nyumba ya kupanga iko hivyohivyo. Mpangaji akilipa bili, mwenye nyumba haoni faida ya kubadilisha madirisha au kuweka kihami juu ya dari. Mwenye nyumba akilipa, kwa kuwa joto limo ndani ya kodi, mpangaji haoni sababu ya kufunga vali anapotoka. Kila upande una swichi ambayo gharama yake iko kwa mwenzake, na tabia njema peke yake haitoshi kulifungua fundo la namna hiyo.

Ujerumani imejaribu kulifungua kwa hesabu. Kanuni yake ya gharama za kupasha joto, iliyoanza mwaka 1981, huagiza kwamba katika jengo lenye mtambo mmoja kati ya asilimia 50 na 70 ya gharama igawanywe kwa matumizi yaliyopimwa ya kila nyumba, na iliyobaki igawanywe kwa kigezo cha kudumu kama vile ukubwa wa eneo. Mwenye nyumba asipofanya hivyo, mpangaji ana haki ya kupunguza sehemu yake ya gharama hizo kwa asilimia 15. Watu wengi huuliza kwa nini isiwe asilimia 100 kwa matumizi, kila mtu abebe mzigo wake. Jibu liko kwenye kuta za ndani. Nyumba iliyo katikati ya jengo hupokea joto kutoka kwa majirani wa juu, chini na pembeni, na anayeishi humo anaweza kufunga vali zote bila kuona baridi. Nyumba ya pembeni iliyo juu kabisa hupoteza joto pande tatu au nne. Kulipisha kwa mita peke yake kungekuwa kumwadhibu mtu kwa mahali alipopangishwa.

Kifaa kidogo cheupe kilichobandikwa kwenye rejeta nacho hueleweka vibaya. Wengi hudhani ni mita inayosoma kilowati-saa, kama ya umeme. Sivyo. Chenyewe hulinganisha tu ujoto wa rejeta na wa chumba na kuhesabu vizio. Mwisho wa mwaka vizio vya nyumba zote hujumlishwa, na gharama ya jengo hugawanywa kwa kufuata fungu la kila mmoja. Ni kama kugawana gharama ya basi la kukodi kwa idadi ya vituo ambavyo kila abiria alisafiri. Idadi yako ya vituo inaweza kubaki ileile na bado ukalipa zaidi, kwa sababu nauli ya basi zima imepanda au kwa sababu wenzako mwaka huu wameteremka mapema. Mpangaji anayeona bili imepanda huku vizio vyake havijabadilika hajaibiwa na kifaa. Anachopaswa kuuliza ni gharama ya jengo zima ilikuwa kiasi gani na jumla ya vizio vyote ni ngapi. Kwa mujibu wa maagizo ya Umoja wa Ulaya, kufikia tarehe 1 Januari 2027 mita na vifaa vya aina hiyo vinapaswa kuwa vinasomeka kwa mbali, na mtumiaji apate taarifa ya matumizi yake wakati wa msimu badala ya kushtukizwa mwishoni.

Tangu mwaka 2023 Ujerumani imekwenda hatua moja mbele, na binafsi naiona kuwa hatua ya busara. Tozo ya hewa ukaa inayoongezwa kwenye gesi na mafuta ya kupashia joto haibebwi tena na mpangaji peke yake. Majengo ya makazi yamepangwa katika ngazi 10 kulingana na kiasi cha hewa ukaa kinachotolewa kwa kila mita ya mraba. Katika jengo bovu kuliko yote mwenye nyumba hubeba asilimia 95 ya tozo hiyo. Katika jengo zuri kuliko yote mpangaji huibeba yote. Maana yake ni kwamba sheria imetenganisha ndoo na bomba: anayemiliki matundu alipie matundu, na anayefungua maji alipie maji. Ufaransa imetumia mlango mwingine, kwani tangu tarehe 1 Januari 2025 nyumba iliyopewa daraja G, la chini kabisa katika ukaguzi wa nishati, haihesabiwi tena kuwa makazi yanayofaa kupangishwa kwa mikataba mipya.

Kuvu, na lawama ya "mtindo wa maisha"

Hakuna sehemu ya mada hii iliyoumiza watu kama hii. Alama nyeusi huanza kwenye kona ya juu ya chumba cha kulala, nyuma ya kabati au pembezoni mwa dirisha. Mwenye nyumba husema: hupashi joto, hufungui madirisha, unaanika nguo ndani. Mpangaji husema: nyumba yako inavuja. Ili kujua nani yuko karibu na ukweli, lazima tuelewe hewa inavyobeba maji.

Hewa yenye joto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kushika takriban gramu 17 za mvuke; yenye nyuzi 10, gramu 9 hivi; yenye nyuzi 0, chini ya gramu 5. Watu wanaoishi ndani huongeza mvuke kila saa kwa kupumua, kupika, kuoga na kuanika, na hakuna maisha yasiyofanya hivyo. Hewa hiyo ikigusa sehemu ya ukuta iliyo baridi, hupoa palepale, uwezo wake wa kushika maji hupungua, na unyevu hujikusanya juu ya ukuta. Kuvu haingoji matone. Inatosha sehemu hiyo ikae na unyevu wa takriban asilimia 80 kwa siku kadhaa. Katika chumba chenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50, hali ambayo kila mtu angeiita ya kawaida, hatari huanza pale ukuta unaposhuka chini ya nyuzi 13 hivi. Ukuta wenye kihami kizuri haushuki huko. Kona ya zege isiyo na kihami hushuka kila usiku wa baridi.

Kwa hiyo swali la haki ni hili: je, katika chumba chenye joto la kawaida na watu wanaoishi kawaida, ukuta huu unabaki juu ya kiwango hicho? Kama haubaki, kumlaumu mpangaji kwa kuoga ni kumlaumu kwa kuwa hai. Kama unabaki, na chumba hakijapashwa kupita nyuzi 14 msimu mzima huku nguo mbichi zikining'inia ndani kila siku, basi mpangaji ana la kujibu, ingawa hata hapo yafaa kuuliza kama hawashi kwa kutotaka au kwa kutomudu.

Awaab Ishak alikuwa na umri wa miaka 2 alipofariki mwezi Desemba 2020 mjini Rochdale, Uingereza. Uchunguzi wa kisheria uliomalizika Novemba 2022 ulithibitisha kwamba kifo chake kilitokana na maradhi ya njia ya hewa yaliyosababishwa na kuishi kwa muda mrefu katika nyumba yenye kuvu. Mzazi wake alikuwa ameripoti kuvu hiyo tangu 2017, akaambiwa aipake rangi juu. Taasisi iliyoipangisha nyumba ilikuja kukiri kwamba ilijenga dhana kuhusu mtindo wa maisha wa familia hiyo na kwamba ilikosea. Sheria iliyopewa jina la mtoto huyo ilianza kutumika kwa nyumba za kijamii za Uingereza, yaani zile zinazopangishwa kwa kodi nafuu na halmashauri au taasisi zisizo za faida, tarehe 27 Oktoba 2025. Hatari za dharura lazima zishughulikiwe ndani ya saa 24, na hatari kubwa za unyevu na kuvu zichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Mtu yeyote anayetaka kuandika "ni tabia zako" kwenye barua ya kumjibu mpangaji angefaa kwanza aende kuushika ukuta kwa mkono.

Kuhusu madirisha, pande zote mbili hukosea. Kulifungua dirisha kidogo kwa siku nzima hupoza ukuta unaolizunguka na kubadilisha hewa polepole, na huo ndio ukuta unaoota kuvu. Kuyafungua madirisha wazi kabisa kwa dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, hutoa hewa yote yenye mvuke kabla kuta hazijapoa. Hewa ya baridi inayoingia hubeba maji machache sana, hivyo ikishapata joto huwa kavu, na joto lililopotea ni dogo kwa sababu sehemu kubwa ya joto la nyumba limo kwenye kuta na samani. Mpangaji asiyefungua kamwe kwa kuogopa bili, na mwenye nyumba anayekasirika kila anapoona dirisha wazi, wanasaidiana kuilisha kuvu ileile.

Hita ya kununua mwenyewe

Joto lisipotosha, mpangaji hununua hita ya umeme. Ikiwa umeme ni sehemu ya kodi, mwenye nyumba hushtuka, na hesabu inamuunga mkono: hita ya wati 2,000 ikiwaka saa 8 hutumia kilowati-saa 16, sawa na taa ya wati 10 kuwaka mfululizo kwa siku 66. Imani kwamba hita ya umeme iliyojazwa mafuta ndani au yenye muundo fulani "haili umeme" haina msingi. Hita zote za kuchomeka hugeuza umeme wote kuwa joto, na kilowati-saa moja hutoa joto lilelile kwa yoyote kati yake; pampu ya joto ndiyo pekee inayotoa zaidi, mara nyingi karibu mara tatu, kwa kuwa hulikusanya joto kutoka nje. Lakini mwenye nyumba aliyeshindwa kutengeneza boila kisha akapiga marufuku hita amemwacha mtu bila njia. Na pale anapomuuzia mpangaji umeme au gesi kwa mita yake ndogo, nchini Uingereza haruhusiwi kudai bei ya kila kizio iliyo juu ya ile aliyolipa yeye. Jiko la gesi au la mkaa lisitumike kamwe kupashia chumba joto: monoksidi ya kaboni haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Kabla ya barua

Kosa ambalo wapangaji wenye haki hulifanya ni kusimamisha kodi. Katika sehemu nyingi kodi isiyolipwa huhesabiwa kama kosa linalojitegemea, na mtu aliyekuwa na shauri zuri la joto hujikuta akijibu shauri la kufukuzwa. Zipo nchi, Ujerumani ikiwemo, ambako kodi hupungua kisheria kwa muda wote kasoro inapokuwepo, lakini hata huko mpangaji anayejikatia kiasi kikubwa kupita kiasi hujiweka hatarini. Ushauri wa chama cha wapangaji au mwanasheria uje kwanza.

Kinachobadilisha mazungumzo ni kipimo. Kipimajoto chenye kusoma na unyevu huwekwa juu ya meza katikati ya chumba, mbali na dirisha, rejeta na jua, kwa kimo cha kifua cha mtu aliyekaa. Kisha mpangaji huandika kwa siku tano au saba: tarehe, saa, nyuzi za ndani, unyevu, nyuzi za nje, rejeta gani ilikuwa ya moto, na kama ilikuwa baridi juu na moto chini, dalili ya hewa iliyonaswa ndani ambayo mara nyingi fundi huitoa kwa dakika chache kwa ufunguo mdogo. Karatasi hiyo, ikiambatana na picha na ombi la maandishi lenye tarehe, humpa mwenye nyumba kitu cha kumkabidhi fundi, na humlinda pia asilipie kosa lisilo lake. Safu ikionyesha ndani 16 wakati rejeta zote zina moto tangu asubuhi, boila haina kosa na mpangaji hana kosa. Anayetakiwa sasa ni mtu wa kuziba nyufa na kuweka kihami. Safu ikionyesha rejeta baridi saa 12 asubuhi na moto saa 3, kinachotakiwa ni kurekebisha saa ya boila, kazi ambayo haihitaji hata fundi.